Sufuria Iliyomwagwa Nguvumali

Nakumbuka asubuhi moja pale Nguvumali, sufuria ya mizizi inachemka uani na mimi nimesimama juu yake nimejaa fahari kama bwana harusi. Mwanangu, unaniona leo na duka langu la dawa za miti shamba Muheza, watu wanashuka kwenye basi wananiulizia kwa jina. Usidhani nilizaliwa na akili hii. Shule niliishia darasa la nne. Mizizi ninayoijua nimeichimba kwa mikono yangu, kuanzia vichaka vya Ubondei hadi Ushongo, na kwa hilo najisifu, nitaendelea kujisifu. Ila asubuhi ile nilikuwa mpumbavu.

Mke wangu Zaituni nilimwoa akiwa mnene kidogo, mcheshi, na vinyweleo kidevuni ambavyo mama yangu alisema ni dalili ya bahati. Ramadhani yetu ya kwanza alifunga siku zote thelathini. Nikatamba barazani kwamba wake zao wanakula mchana siku saba, wangu hali hata moja. Wazee wakanitazama kwa huruma, sikuelewa kuwa mke asiyekula hata siku moja ni mke asiyeona siku zake. Ramadhani ya pili ikawa vilevile, na mtoto hakuna.

Hapo nikasema ni chango, maana kwetu kila ugonjwa wa kizazi cha mwanamke tunauita chango. Nikamnywesha mizizi mwaka mzima, michungu, maskini, wala hakulalamika. Aliyechoka ni somo yake, Bi Mwanaidi, mama aliyemfunda tangu alipovunja ungo. Akampeleka hospitali bila kuniuliza. Wakampiga picha ya tumbo, wakamwambia ovari zina vifuko vidogo vidogo na homoni zimevurugika, ndiyo maana hedhi haiji na mayai hayapevuki. Akapewa vidonge, akaambiwa apunguze soda na wali, atembee sana. Mizizi yangu daktari akasema iwekwe kando, kwani hakuna ajuaye itagombana vipi na vidonge. Nilinuna wiki nzima.

Miezi ikapita, hedhi ikarudi. Mimi nikawatangazia wateja kuwa ni mizizi yangu, ilichelewa tu kufanya kazi. Baya zaidi, nikauamini uongo wangu mwenyewe.

Sasa sikiliza. Mwanamke akiwa kwenye siku zake haswali, kwa hiyo mimi nikawa nautazama msala. Mwezi ukaisha, wa pili ukaingia, Zaituni hajaacha swala hata moja. Sikumwuliza. Kwetu mambo hayo mume hupitia kwa somo, na mimi kwa Bi Mwanaidi sikutaka kwenda, nilikuwa bado nimenuna. Nikajiambia ugonjwa umerudi, nikainjika dawa ya kushusha damu ya hedhi, kali maradufu.

Bi Mwanaidi akaingia, akasimama, akanusa. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akauliza ninapika nini, nikamweleza kwa fahari. Akaishika sufuria kwa upindo wa kanga, akaimwaga yote mchangani.

"Umempima?" akaniuliza.

"Nimpime nini, Bibi? Chango nalijua mimi."

"Mizizi unaijua, Mbwana. Tumbo hulijui. Kaa hapo."

Nikakaa, mwanaume mzima, nikiutazama mchanga uliolowa. Akamwita Zaituni, wakaenda duka la dawa, wakarudi na kipimo cha mimba cha mkojo, wakaingia ndani. Alipotoka, Bi Mwanaidi alinionyesha mistari miwili.

"Ulikuwa unamchemshia mwanao dawa ya kumtoa," akasema, kisha akaitikia ile salamu yangu: "Marahaba."

Nililia, mwanangu, sikuficha. Na leo huyo mwana ni binti wa kidato cha pili, tumempa jina la Mwanaidi. Ndiye anayenisomea karatasi za hospitali za wateja wangu, kwani kwangu mwanamke hapewi kitu kabla hajapimwa. Uwatu na mdalasini nauza, lakini sisemi tena kuwa vinatibu ugonjwa ule wa ovari. Wengine hukasirika, wakaenda kwa wauzaji wengine. Waende. Duka lililojaa ni langu.

Basi mwanangu, wewe uliyeoa juzi na unayejifunza dawa, shika hili. Mwanamke asiyeona siku zake apimwe kwanza, mimba na ugonjwa. Daktari aambiwe kila mzizi alioumeza. Na mkeo muulize mwenyewe, usihesabu misala.

Mungu akupe mke asiyekuficha, masikio ya kumsikiliza, na mtoto wa kukusomea pale elimu yako ilipoishia.