Moja-Mbili na Swali la Mkewe

Jina lake halisi lipo kwenye cheti cha ndoa na kwenye leseni ya udereva, lakini watu wote wanamwita Moja-Mbili. Jina hilo alilipata kazini. Kabla ya mkutano au mahafali yoyote, husimama mbele ya viti vitupu, hushika maikrofoni na kusema, "Moja, mbili. Moja, mbili," mpaka aridhike. Siku moja mpanga viti alimwuliza kwa sauti, "Kwani fundi, tatu hukufundishwa?" Wapambaji na wapishi waliokuwa ukumbini wakaangua kicheko, na jina likamganda.

Kazi yake ni kukodisha spika na kuzisimamia. Ana pikapu ya zamani, spika kubwa zilizovishwa vifuniko vya turubai alivyoshonewa na mkewe, na mashine ya kuchanganyia sauti yenye vitufe vingi na vitaa vya kijani na vyekundu. Waya zake huzikunja mwenyewe, kwa mizunguko inayolingana, na hamruhusu mtu mwingine kuzigusa. Husema waya uliokunjwa vibaya una kinyongo, utakuja kukuaibisha mbele za watu.

Mkewe anafundisha shule ya msingi. Kila mtu humwita Mwalimu, mumewe pia.

Walikutana katika mji mdogo wenye chuo cha ualimu, mwendo wa nusu siku kwa gari kutoka wanakoishi sasa. Wakati huo Moja-Mbili alikuwa msaidizi wa fundi mmoja mzee, na Mwalimu alikuwa binti mwanachuo aliyechaguliwa kusoma majina ya wahitimu. Moja-Mbili alikuwa amevaa visikizio masikioni, amekaa nyuma ya mashine pembeni mwa jukwaa, sauti ile ilipoingia. Ilikuwa nyembamba na iliyonyooka, kama uzi unaopita kwenye tundu la sindano bila kugusa pembeni. Hakuwa amewahi kukutana na sauti ya namna hiyo. Akaingiwa na wasiwasi, akashika kitufe cha sauti nyembamba, akakipunguza, akazidi kukipunguza, mpaka binti akasikika kama mtu anayesoma akiwa ndani ya pipa.

Sherehe ilipokwisha, binti alimfuata.

"Wewe ndiye uliyeniziba mdomo mbele ya wazazi wangu?"

"Sikukuziba, dada. Nilikupunguza kidogo tu."

"Nani alikuambia nimezidi?"

Mzaha huo waliingia nao kwenye ndoa. Kwa miaka mingi, Mwalimu alipoanza kumgombeza kwa sababu ya matope sebuleni au kwa kuchelewa kurudi, Moja-Mbili aliinua mkono na kuzungusha kitufe kisichokuwepo hewani, na Mwalimu, hata akiwa amekasirika vipi, alicheka.

Siku hizi hazungushi tena. Masikio yake yalianza kumwacha taratibu. Ndege wa asubuhi walitangulia, ikafuata milio ya simu, wakafuata watoto wa majirani wakicheza. Mwisho ikaondoka sauti ya Mwalimu. Sauti za wanaume zilibaki, injini zilibaki, ngoma zilibaki. Alikwenda kwa siri kwa daktari wa masikio, upande wa pili wa jiji, ambako hakuna anayemjua. Daktari alimchorea mstari kwenye karatasi. Ulienda sawasawa, kisha ukaporomoka.

"Sauti nzito unazo bado," daktari alisema. "Nyembamba ndizo zimeondoka. Umekaa karibu na spika miaka mingi mno, mzee wangu."

"Zitarudi?"

"Hazitarudi. Ila kuna vifaa vya kuvaa sikioni, vinasaidia."

Moja-Mbili alishukuru, akaenda zake, na hakumwambia mtu. Nani atamwita fundi wa sauti mwenye kifaa sikioni? Ni sawa na kukalia kiti cha kinyozi anayetetemeka mikono. Akaanza kufanya kazi kwa macho. Alitazama vitaa vya mashine na nyuso za watu. Kuna mkutano mmoja spika zilipiga mluzi mkali, naye akabaki ametulia kwenye kiti chake, mpaka alipoona watu wa mstari wa mbele wote wameziba masikio kwa pamoja.

Nyumbani alijibu kwa kubahatisha. Akiona midomo ya mkewe imesimama, alitabasamu na kusema, "Sawa, Mwalimu," au "Wewe amua tu." Mara nyingi ilimfaa.

Mwalimu naye alikuwa na macho. Alimwona mumewe akiitwa na jirani kutoka nje ya ukuta na kuitika papo hapo. Alimwona akipiga soga na fundi wa magari, wakicheka mpaka machozi. Lakini yeye akisema neno kutoka jikoni, halijibiwi. Akisema la pili, anaambiwa sawa. Wazo la masikio halikumjia hata kidogo. Mtu anayesikia dunia nzima atashindwaje kumsikia mmoja tu? Aliamini kwamba amechokwa. Hakulalamika. Alipunguza maneno, akaanza kusahihisha madaftari ya wanafunzi chumbani badala ya sebuleni.

Ndoa ilipotimiza miaka ishirini na mitano, Mwalimu ndiye aliyesema waende kule mjini, kwenye chuo, Ijumaa hadi Jumapili. Moja-Mbili alifurahi. Hakujua kwamba mkewe alikuwa na jambo lake.

Walifikia nyumba ya wageni waliyoizoea, iliyo nyuma ya ukuta wa chuo. Mwenyewe anaitwa Mama Mapazia kwa sababu kila wiki lazima ayashushe mapazia yote ayafue. Ni mwanamke mwenye sauti nzito, ukimsikia kwenye simu utamwita baba.

"Maharusi wamefika!" alinguruma kutoka barazani. "Bibi harusi pita ndani, bwana harusi beba mizigo!"

"Nimezeeka, Mama Mapazia. Nitafutie mchukuzi."

"Umezeeka wapi? Tumbo tu ndilo limekutangulia!"

Moja-Mbili alicheka, akanyanyua masanduku. Nyuma yake Mwalimu alisema, "Na ule mfuko wa bluu, tafadhali." Akaendelea kupanda ngazi. Mwalimu akaubeba mwenyewe, akatazama mgongo wa mumewe, kisha akamtazama Mama Mapazia, na moyoni akasema, huyu akimtania, mume wangu hata neno halimpiti.

Chakula cha jioni walikula kwenye chumba cha kulia cha chini. Feni ya dari ilikuwa inavuma, na meza ya jirani wanachuo walikuwa wakiburuta viti na kubishana habari za mtihani. Katikati ya chakula Mwalimu aliweka kijiko chini.

"Chuo kimeniita kuwa mkufunzi," alisema. "Kuna na nyumba ya kuishi, mle mle chuoni. Kesho asubuhi mkuu wa chuo anataka jibu. Nikikubali, nahamia mwezi ujao. Nataka kujua kama utakuja nami au utabaki. Na ukiniambia nisiende, baba watoto, siendi."

Mwalimu hakutaka kuachiwa uamuzi. Alitaka aambiwe asiende, au aambiwe twende wote. Lolote kati ya hayo mawili lingemtosha, maana lingekuwa limetoka kwa mtu anayemhitaji.

Moja-Mbili aliona midomo ikienda. Alisikia feni, alisikia vijana wawili wa meza ya pili, na chini ya hapo alisikia uvumi kama wa nyuki ndani ya chupa. Alijua ni jambo kubwa, kwa jinsi kijiko kilivyowekwa na jinsi macho yalivyomngoja. Angeweza kusema, sikusikia. Ni neno moja. Lakini baada ya hilo lingekuja swali la pili, na la tatu, mpaka wafike kwa daktari na ule mstari wake. Akatabasamu.

"Sawa, Mwalimu. Wewe amua tu."

"Haya," Mwalimu alisema, akachukua kijiko.

Jumamosi asubuhi alivaa gauni lake la kazini, akasema jambo, akatoka. Moja-Mbili alidhani ameenda kuwaamkia walimu wake wa zamani. Akajiendea zake chuoni taratibu, mpaka kwenye ule ukumbi. Mlinzi wa mlangoni alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti ya kifuani. Walielewana mara moja.

"Mimi ndiye niliyefunga spika humu enzi zile," Moja-Mbili alimwambia.

"Basi ni wewe uliyetuachia misumari ile ukutani! Kila mwaka inanichania koti."

"Toa koti, misumari iache. Ni ya kumbukumbu."

Wakacheka, na mlinzi akamruhusu kuingia. Jukwaani wanachuo walikuwa wakifanya mazoezi ya kuimba. Wasichana walisimama mbele, safu mbili, na nyuma yao wavulana watatu. Moja-Mbili aliketi kwenye kiti cha nyuma. Aliwasikia wale wavulana watatu vizuri kabisa, kila mmoja na sauti yake, hata akatambua yupi anachelewa. Wasichana walifungua midomo na kuifunga, vifua vikipanda na kushuka, mmoja wa katikati amefumba macho kwa utamu wa wimbo. Kwao hakukutoka kitu.

"Wanaimba vizuri, eti?" mlinzi alimwinamia.

"Vizuri sana," Moja-Mbili alisema.

Alikaa mpaka walipomaliza. Wakati huo, upande wa pili wa uwanja, Mwalimu alikuwa ofisini kwa mkuu wa chuo, anapewa mkono wa pongezi.

Mchana walipiga picha kwenye ngazi za chuo, kama wanavyofanya kila wakija. Mpiga picha aliteremsha kamera. "Sogeeni basi! Mmekaa kama mnagombea mpaka wa shamba." Wakasogea. Mwalimu alisema kitu akiwa anatazama mbele, na Moja-Mbili, akitazama mbele pia, akasema sawa. Jioni walikula bila kuzungumza, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye hataki.

Jumapili asubuhi Mwalimu alikuwa chumbani anafunga mizigo. Moja-Mbili alikuwa peke yake mezani. Mama Mapazia alimmiminia chai.

"Kwa hiyo Mwalimu anakuwa jirani yangu. Hongereni."

"Jirani vipi?"

"Acha kunichezea. Mwezi ujao si anahamia chuoni? Jana ameniambia. Nikamwuliza, na mzee? Akasema, mzee kaniambia niamue mwenyewe." Aliweka birika chini. "Mimi nikashangaa, baba. Miaka yote hiyo, unamwachia mtu aende kirahisi hivyo? Hata mpangaji wangu akihama namwuliza anaenda wapi."

Moja-Mbili alishika kikombe, chai ikapoa mkononi.

Waliondoka kabla jua halijawa kali. Nyumba za mwisho za mji zilipokwisha, alisema macho yakiwa barabarani, "Mwalimu, juzi mezani sikusikia ulichoniuliza."

Aliona kwa pembeni kwamba mkewe amegeuka na kwamba anasema. Injini ilimeza kila kitu. Akaegesha pikapu kando ya barabara, akazima.

"Masikio yangu yameharibika," alisema. "Sauti nzito nazisikia. Yako ndiyo siisikii. Daktari anasema ni spika."

Mwalimu akasema neno. Moja-Mbili akatikisa kichwa. Mwalimu akageuka mwili mzima, akasema polepole kama anayewasomea watoto imla, "Tangu lini?"

"Miaka mitatu. Pengine minne."

Mwalimu akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Ukiuziba hivyo, hata kuona siwezi."

Akautoa mkono. "Miaka mitatu nazungumza na kabati! Mimi nikajua umenichoka."

"Sijakuchoka."

"Kwa nini hukuniambia mimi? Wateja sawa. Mimi je?"

Moja-Mbili alisema kwamba aliogopa, na kwamba kila siku iliyopita iliifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi.

"Nimeshawakubalia," Mwalimu alisema.

"Najua."

"Siwezi kuwageuka. Wala sitaki kuwageuka. Wao waliniuliza, na nilipojibu walinisikiliza." Akasogea karibu, akapaza sauti kama mtu aliye kwenye uwanja wa shule. "Nakuuliza upya. Utakuja?"

Safari hii hakukuwa na neno lililopotea. Moja-Mbili alifikiria spika zake, wateja waliokuwa wakimpigia bado, vijana wa mtaani wanaolitamka jina lake akipita tu. Alifikiria mji ule ambako hakuna anayehitaji kazi yake, na yeye amekaa barazani kwenye nyumba ya chuo, anawatazama wasichana wakipita na madaftari, wanachekeana bila sauti. Jibu lake la siku zote lilimfika ulimini. Akalimeza.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa?"

Lori lilipita, pikapu ikayumba kidogo.

"Kule mimi nitakuwa nani, Mwalimu?"

Mwalimu alijibu. Lakini alikuwa amegeukia dirisha lake, anafuta macho kwa ncha ya mtandio, na Moja-Mbili hakuona zaidi ya shavu likitikisika. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Siku chache tu nyuma angetikisa kichwa kukubali, akawasha gari.

Alinyoosha mkono akamgusa begani.

"Sikusikia," alisema. "Geuka, mke wangu. Sema tena."