Kibonyeo Ndani ya Honi

Watu wakitaka kujua kama gramafoni yao ya kale ni ya kweli au ya kuungaunga, humpelekea Mzee Santuri. Hana haraka, wala hana huruma. Juzi alimwambia bwana mmoja, "Hilo kasha limezeeshwa kwa majani ya chai, ndugu yangu. Lilambe uone."

Asubuhi moja mwanamke mmoja alimletea gramafoni ya marehemu baba yake. Kama kawaida, kabla ya kutazama chochote, mzee alifumba macho akauzamisha mkono ndani ya honi, lile tarumbeta la kutolea sauti. Wateja hudhani huo ndio utaalamu wenyewe. Hakuna ajuaye kwamba anatafuta kibonyeo. Utotoni, dada yake alikuwa akicheza muziki na mchi mkononi, akaibamiza honi ya gramafoni ya nyumbani, ikabonyea. Mama yao alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye maisha yalibana, gramafoni ikauzwa. Mama na dada wote wameshatangulia mbele ya haki.

Vidole vilizunguka taratibu. Laini, laini, laini kote.

Akafungua kasha, akakagua springi, mkono wa sindano, na skrubu moja moja. Vyote vilizaliwa pamoja.

"Vipi, mzee wangu?" mwanamke aliuliza, roho juu.

"Ni ya asili, mwanangu. Ingekuwa na kibonyeo, thamani ingeshuka nusu nzima. Hii haina hata kovu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole.