Udugu Ambao Haupo

Ulikuwa mwaka ule unga ulipanda bei mpaka tukarudi kwa ugali wa muhogo na mtama, na samaki wa mbuta tukamjua kwa mgongo wazi tu, ile mifupa inayobaki viwanda vikishachukua nyama. Tuliinyonya na tukashukuru. Katika njaa hiyo ndipo mjukuu wangu alipoanza kununua omena, wale dagaa wa ziwani, kila siku ya soko, na kwake hakuna hata paka.

"Hiyo omena yote unapeleka wapi?" nikamuuliza.

Akacheka kama mtu ametekenywa. Nikajua.

Muuzaji alikuwa msichana wa soko la Otonglo, mweusi wa kung'aa, mwenye mdomo. Alikaa nyuma ya karai lake akipima kwa kopo, akimtukana mnunuzi kwa utamu mpaka mnunuzi anaongeza kopo la pili. Mjukuu wangu anatengeneza simu Mamboleo, na alikuwa akivuka mji mzima kwenda kutukanwa. Mwishowe akanijia: "Dani, nenda uniulizie kwao." Dani ni nyanya kwa lugha yetu.

Mimi ni mshenga. Shule niliacha darasa la tatu, lakini ndoa nyingi za kwetu zimepita mdomoni mwangu na bado zimesimama. Mshenga ana maswali yake. Nyumba hiyo ina uchawi? Ina wazimu? Ina mkono mrefu? Na kubwa kuliko yote, damu hizi mbili zimewahi kukutana? Niliuliza yote. Udugu haukuwepo, hata wa mbali. Nikarudi nikasema njia ni safi.

Mguu sikuutaja. Mguu wa kushoto wa msichana ni mfupi tangu utotoni, Otonglo yote inajua, isipokuwa huyu wangu aliyekuwa akimkuta amekaa. Lakini kwani mguu ni uchawi? Mama yangu alikuwa mshenga kabla yangu, na hakuniachia swali la mguu.

Tukaenda kwao, mjukuu, mama yake na mimi. Wakatukaribisha, tukaomba uchumba, kisha msichana akatoka jikoni na jagi na beseni la kutunawisha mikono. Akatembea. Kila hatua beseni likainama, maji yakaruka. Tabasamu la mjukuu wangu likabaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Alinawa bila kumwangalia. Lakini kuku alimla! Kuku hakuwa na kasoro.

Tulipofika nyumbani akanigeukia.

"Dani, ulinificha."

"Nilificha nini? Si anatembea mbele za watu?"

"Mimi nataka mke ambaye nikipita naye watu wanageuka kwa uzuri. Kuchagua ni haki yangu. Hata serikali haiwezi kunilazimisha kupenda."

Hapo, pamoja na hasira yangu yote, alisema kweli. Moyo si punda wa kusukumwa kwa fimbo. Na mwanamke kulala karibu na mume asiyemtaka ni kifungo nisichomwombea mtu yeyote. Angeishia hapo ningemwona mjinga mwenye haki yake, na ningekwenda mwenyewe kuomba radhi.

Hakuishia hapo. Mama yake, mke wa mwanangu, akaingia kwa ile sauti yake ya kanisani. "Mama, wewe ndiye ulifungua njia, wewe ndiye utaifunga. Waambie tumepata udugu. Sema wazee wamehesabu wakaona damu ni moja. Hivyo hakuna atakayeumia."

"Hiyo ni sawa kabisa," kijana akaitikia.

Hakuna atakayeumia! Kwetu mshenga akishatamka udugu, haufutiki. Msichana huyo angekuwa dada wa kila mwanamume wa ukoo wetu, na ukoo wetu umejaa ufuo huu kama magugu maji. Wadogo zake wa kike pia, wenye miguu yao sawa. Kijana mmoja hapendi mguu, basi nyumba nzima ya watu ifungiwe milango? Tena kwa mdomo wangu? Kutopenda ni kwako, kaa nako. Ukikugeuza huko kutopenda kuwa ukuta wa kumzuia mtu kwa wengine wote, huo ni ubaguzi, na sikuhitaji semina kuujua.

Nikawaangalia wote wawili. "Sisemi. Macho ni yenu, mdomo ni wangu."

Siku ya soko nikaenda Otonglo. Msichana akanisogezea ndoo nikalie.

"Dani, wamesemaje?"

"Amekataa. Yeye, si ukoo. Walitaka niseme ni udugu, na udugu hakuna."

"Ni mguu?"

"Ni mguu."

Akapima kopo la mteja, akalisawazisha kwa kiganja. "Sasa ile omena yote, alidhani naikanyaga kabla ya kuuza?"

Wamama wa pembeni wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alivuta leso akafuta mikono, akaifuta hata ilipokuwa imekauka. "Asante kwa kuniambia," akasema. "Ningebaki nikiwauliza wazee wetu huo udugu ulitoka wapi."



Juzi mke wa mwanangu alikuja na sukari na majani ya chai. Kijana amepata mwingine, wa Port Victoria, mwenye miguu ya kuonyesha watu. Lakini wazazi wa huyo wamesikia habari ya Otonglo, na wana mtoto wao wa kiume anayetembea kwa mkongojo. Wanauliza, huyu anayekuja kwetu ni mtu wa namna gani?

"Mama, nakusihi, waambie ilikuwa udugu. Neno moja tu. La sivyo mjukuu wako ataoa wapi?"

Nilimlea mgongoni mtoto huyo. Najivunia mikono yake, hakuna simu inayomshinda. Nikamrudishia mama yake sukari yake.

"Sisemi. Macho ni yenu, mdomo ni wangu."