Unga wa Wifi

Fundi wa magauni ya harusi hakuogopa kitu kama jasho lake mwenyewe. Joto lilimpanda ghafla, toka kifuani hadi utosini, na tone moja likidondoka juu ya satini nyeupe, kazi ya siku tatu imeharibika. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Hedhi ilikuwa imemuaga miaka minne nyuma, naye hakuisikitikia.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ndiye aliyemletea unga: soya iliyokaangwa, ikasagwa pamoja na mizizi.

"Kijiko kimoja kwenye uji, kila asubuhi. Ni mmea tu, wifi yangu. Ng'ombe anakula majani maisha yake yote, umewahi kumwona anatokwa jasho?"

"Ng'ombe hashoni satini," fundi akajibu, na kunywa akanywa.

Joto likapoa. Mwezi wa saba wa kunywa unga, ikaja damu. Alipomnong'oneza wifi, wifi alipiga makofi.

"Usichana umerudi! Tukutafutie mchumba, au unaye?"

Walicheka hadi pini zikamtoka fundi mdomoni. Hapo ndipo walipopotea: damu waliipokea kama habari njema. Kijiko kikawa viwili, viwili vikawa vitatu. Fundi akajishonea vitambaa vya kujisitiri kwa mabaki ya pamba, akavipiga pindo kwa uangalifu, kama mtu anayejiandalia sherehe.

Lakini damu ile ilikuwa mgeni asiyejua kuaga. Ilikaa wiki, ikakaa mwezi. Fundi alianza kushika ukuta anapoinuka. Siku sindano ya cherehani ilipopita kwenye kidole chake naye akachelewa kusikia maumivu, alifunga duka akaenda hospitali. Wakamkata kinyama kidogo ndani ya kizazi wakakipime, wakamwambia arudi kuchukua majibu.

Siku ya majibu, daktari alikuwa binti ambaye fundi angeweza kumzaa. Alimsikiliza habari za unga hadi mwisho.

"Mama, kuna mimea ina kitu kinachofanana na homoni ya kike. Nguvu zake ni ndogo. Lakini ukikinywa kwa wingi, kila siku, ukuta wa ndani wa kizazi unaweza kudhani umeitwa kazini. Unanenepa, unavuja. Siwezi kuapa kwamba ni unga peke yake. Ila uache leo."

"Nikiacha nitapona?"

Daktari aliitazama karatasi. "Chembe zimeanza kubadilika. Saratani hatujaiona, lakini huenda tukaikuta tukishakitoa kizazi. Tumekupangia Jumanne."

Fundi alikwenda moja kwa moja kwa wifi yake, matusi ameyapanga njia nzima. Akamkuta uani akichekecha unga. Akamwambia yote, neno kwa neno, na chekeche likasimama.

"Nilitaka upoe tu, wifi."

"Nimepoa. Nimebaki kuzikwa."

Wifi hakuinua uso. Pembeni yake fundi akaona kikombe cha uji, kijiko bado kimo ndani.

"Na wewe unaunywa?"

"Tangu mwaka juzi."

"Unatoka damu?"

Wifi alivuta nguo akafunika magoti. "Mwezi wa nne huu. Sikutaka kukutisha."

Fundi alijishusha akaketi chini kando yake. Hasira ndiyo iliyomfikisha pale kwa miguu yake, na sasa hata hiyo hakuwa nayo.

"Jumanne wananipasua," alisema. "Sina mwingine wa kunisindikiza. Twende wote, na wewe wakakupime."

"Naogopa."

"Mimi je?"

Wifi akaushika mkono wake, na mikono yote miwili ilikuwa baridi.