Mafiga ya Yaya Kando ya Ziwa

Mama hakutaka niende, halafu akataka. Ijumaa alisema ziwa liko mbali na njia ingali na basoda wenye bunduki. Jumamosi alfajiri, wakati nafunga viatu, akanishika bega akasema niende, lakini niende na kazi yake. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuangalia kama yaya yangu yuko mzima.

Yaya ndiye dada yangu mkubwa. Aliolewa na mvuvi mwaka ule wa uhuru, akashuka kuishi kando ya Ziwa Edouard. Zamani alikuwa anatutumia samaki wakavu kwa kila kamyo ya mizigo iliyopanda Butembo. Tangu waasi wafike, hakuna samaki, hakuna salamu. Waasi wakaondoka, jeshi likarudi, masomo yakaanza tena, na bado kimya. Mchuuzi mmoja wa chumvi alimwambia mama sokoni kwamba kijiji kile kiliungua. Mwingine akasema hapana, kilichoungua ni kijiji kingine. Tangu siku hiyo mama hakumuuliza tena mtu. Usiku alikuwa analala macho wazi. Najua kwa sababu chumba chetu ni kimoja.

"Usiulize mutu kwa njia," aliniambia. "Batu banapenda kusema. Fika kwa nyumba yake, angalia na macho yako, rudia unielezee."

Hilo la kutouliza lilinifaa sana. Kuongea na mtu nisiyemjua, kwangu mimi, ni kazi kuliko kupanda mlima. Nikiitwa ubaoni nasahau hata kile nilichokuwa nakijua vizuri.

Safari yenyewe ilikuwa ya darasa letu. Mwalimu wetu wa jiografia, tunayemwita Monsieur kama walimu wote, alikuwa ametuahidi tangu kabla ya vurugu kwamba atatupeleka kuona mnara wa taa ulioachwa na Wazungu wa uvuvi. Rafiki yangu, tunayekaa naye benchi moja, ni Mwislamu wa Beni, na baba yake ana kamyo ya kubeba samaki. Basi ikapangwa hivi: kamyo ya shule itufikishe mwisho wa barabara kule mlimani, tushuke kwa miguu mpaka ziwani, na jioni kamyo ya baba yake, inayofika ziwani kwa njia ya Beni, ituchukue, tulale kwao Beni, kesho yake turudi Butembo.

Sisi watu wa Butembo tunaamka na baridi, kwa hiyo kila msichana alivaa trikoti ya sufu. Katikati ya mteremko trikoti zote zilikuwa zimefungwa kiunoni au kichwani, na tulifanana na watu wanaohama. Chini ya mlima ndipo pori la wanyama linapoanza. Monsieur akatuomba tuimbe, ili tembo watusikie mapema na kutupisha. Darasa lote likaimba. Mimi nilifungua kinywa bila kutoa sauti. Rafiki yangu aliona, akasema tembo akinikanyaga mimi peke yangu itakuwa haki kabisa.

Sikuwa naogopa tembo. Nilikuwa nafikiria nyumba ya yaya jinsi mama alivyonieleza: mlango wa buluu, nyuma ya kanisa dogo, inaangalia maji.

Kijiji hakikuwa kimeungua. Hilo niliona tungali mbali, nikapumua. Nyumba zilikuwa zimesimama, nyavu zimetandazwa juani, mitumbwi imelala mchangani. Kiboko mmoja alikuwa ndani ya maji karibu kabisa na wanawake waliokuwa wanaosha sahani, na hakuna aliyemjali, kama vile ni jirani asiyependwa tu. Monsieur akatupa ruhusa ya kunawa miguu. Nikamnong'oneza rafiki yangu, tukatoka pamoja kutafuta mlango wa buluu.

Tuliupata. Ulikuwa wazi. Nikaingiza kichwa. Ndani hakuna mtu, na katikati ya sakafu, pale moto unapopaswa kuwa, hakuna kitu. Pamefagiwa.

Hapa inafaa nieleze. Kwetu juu, mafiga, yale mawe matatu ya kupikia, yanakaa ndani ya nyumba, na moto hauachwi kuzimika kwa sababu ya baridi. Mawe hayo ni ya mama wa nyumba. Siku akifa, wanawake wa ukoo wanayabeba nje, wanayaegemeza ukutani, na hapiki mtu juu yake mpaka matanga yaishe. Nilikuwa nimeona hivyo kwa bibi. Ukipita ukaona mafiga nje huna haja ya kuuliza, unashusha sauti na kupita polepole.

Mafiga ya yaya yalikuwa nje. Matatu, meusi, yameegemea ukuta, na majivu kando yake yalikuwa baridi. Niliyagusa.

Rafiki yangu hakuelewa kwa nini nimesimama. Nikamweleza kwa maneno machache. Akatazama upande wa pili wa njia, ambapo mama mmoja alikuwa anashona wavu, akasema tumuulize yule. Nikasema hapana, mama amenikataza. Akasema mama yangu haoni kutoka Butembo. Nikamvuta mkono tukaondoka. Nitasema ukweli: haikuwa kumtii mama. Niliogopa tu mdomo wa yule jirani, kwamba utafunguka na kusema.

Sikulia. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja cha kijinga, nitasimama wapi nikimwambia mama. Mlangoni, au niingie kwanza nikae?

Mnara uko mwisho wa kijiji, juu ya mawe, mweupe zamani, sasa wa rangi ya meno ya mzee. Monsieur alisimama mbele yake akatufundisha kwa Kifaransa kwamba kitu hiki kinaitwa phare, kwamba upande wetu huu wa nchi hauna bahari, kwa hiyo tuchukue hili ziwa kama bahari yetu. Wazungu waliujenga ili mashua zao zisipotee gizani. Walipoondoka wakaacha taa. Wakati wa waasi taa nayo ikaondoka, na kila upande unasema ni upande mwingine ulioichukua. Wengine walicheka. Mimi nilikuwa wa kwanza kupanda, kwa sababu anayetangulia juu haonekani uso.

Ngazi zilikuwa zimejaa samaki. Samaki waliopasuliwa na kutiwa chumvi, kila ngazi na safu yake, mpaka tulipita tukikanyaga pembeni. Juu hakukuwa na kitu, chuma tupu cha kushikia taa, na upepo. Ziwa lilienda mpaka Uganda. Nikashika kile chuma, na ndipo machozi yakaanza kuja.

Kutoka chini, upande wa nyuma wa mnara, sauti ya mwanamke ikapanda. Alikuwa anagombana.

"Weye, kichwa kama goti! Hawa samaki ni ya baba yako?"

Kichwa kama goti lilikuwa jina langu. Aliniita hivyo mwaka ule mama aliponinyoa kwa sababu ya mapunye, akaniita mpaka siku ya harusi yake. Nikainama ukutani. Chini kulikuwa na wanawake wamepanga samaki juu ya mawe, na mmoja, mwenye ufagio, alikuwa anamfukuza marabu, yule ndege mkubwa mwenye upara. Marabu hakuwa na haraka.

"Yaya!"

Ilikuwa sauti yangu. Darasa zima lililokuwa kwenye ngazi likainua vichwa. Monsieur baadaye alisema hakujua kama nina sauti.

Yaya aliinua kichwa. Hakuniita jina. Hakucheka. Ufagio ulibaki hewani.

"Mama iko?"

"Iko!"

"Iko muzima?"

"Iko muzima, Yaya. Ni yeye ametuma miye."

Akakaa chini palepale, juu ya samaki wa watu, na marabu akapata wake akaenda.

Sijui nilishukaje. Nakumbuka tu harufu ya chumvi shingoni mwake. Kumbe naye aliambiwa. Msafiri mmoja alileta habari kwamba mtaa wetu wote ulikimbilia msituni na mama hakurudi. Barabara ilikuwa imefungwa, mumewe alimkataza kupanda, basi akakaa na habari hiyo mwezi baada ya mwezi. Nilipomweleza kuhusu mafiga alinitazama kwanza kama mtu aliyetukanwa, halafu akacheka mpaka akashika mbavu. Akawaita wenzake waje wasikie.

"Huku tunapika inje, weye mutoto wa baridi," akasema. "Na joto hii, unataka tuivie ndani pamoja na samaki?"

Asubuhi ile alikuwa ameyaegemeza mawe ukutani ili afagie majivu. Rafiki yangu akasema kama tungemuuliza yule mama wa wavu, nisingebaki na macho mekundu.

Tulikula chini ya mnara, darasa zima. Tilapia wa kuchoma, pilipili, bugali iliyomwagwa juu ya majani ya mgomba. Samaki hachinjwi, kwa hiyo rafiki yangu tulikula naye pamoja bila maswali, na alikula kuliko wote. Monsieur alichomwa na mwiba kwenye fizi. Shemeji alitoka majini tungali tunakula. Ni mtu wa maneno machache kama mimi. Alisikiliza, akamwambia yaya apande nasi akamwone mama, samaki atawageuza yeye mwenyewe. Wanawake wakamcheka, wakamuuliza kama anajua samaki ana pande ngapi.

Usiku tulilala Beni, na Jumapili kabla ya misa ya pili tulikuwa Butembo.

Mama alikuwa amekaa mlangoni na ungo, anachagua maharagwe. Alituona tunakuja wawili. Hakuinuka. Yaya alipopiga magoti mbele yake, mama alimpapasa kichwa, masikio, mabega, kama anavyopapasa nguo sokoni kuona kama ni nzima, kisha akauliza kama tumekula. Yaya akasema tumekula.

"Basi," mama akasema.

Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akajilaza. Mchana kweupe, mama yangu akalala, na tulimsikia akikoroma. Yaya na mimi tukakaa kando ya ungo, tukaendelea na maharagwe. Kila nilipotupa bovu kwenye bati, yaya alinipiga kofi dogo mkononi, niweke taratibu, mama asiamke.