Kamyo Iliyoogopa

Juzi, kwenye barabara ya Gatumba, kamyo ya mizigo ilinipita ikitetemeka mpaka vioo, nami nikainamisha macho kama niliyekumbushwa kosa.

Wakati wa vita baba alikuwa fundi magari mtaani Buyenzi. Alasiri moja alimaliza kubadilisha ponti, yaani ekseli, ya nyuma ya kamyo ya Mzee Saidi, akarudisha kardani, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Uani kulinuka mafuta ya mazutu na vitumbua. Alifunga haraka, kwa sababu kamyo zilipanda milimani kwa msafara wenye wanajeshi, na aliyechelewa aliachwa.

Mzee Saidi alizunguka nayo mtaa kuijaribu, akarudi. Kamyo ilitetemeka mpaka sufuria za mama zikalia. Nilikuwa nimewasikia wakubwa wakisema njia ile inatisha, nikadhani na kamyo imesikia.

"Baba," nikasema kwa sauti, "inaogopa kwenda."

Mafundi wenzake wote walicheka. Baba hakucheka. Leo najua kwamba alikuwa ameunganisha vipande vya kardani bila kulinganisha alama alizozichora mwenyewe kwa chaki, ndiyo maana ilitetemeka.

"Mzee, mi ndiye nimekosea," akasema. "Usiende nayo, kardani itakatika njiani."

"Musafara utaniacha."

"Acha ikuache."

Akalala tena chini ya kamyo, mbele ya wote, akafungua alichofunga. Msafara ukaondoka tukiusikia.

Tangu siku ile, gari lolote lililotetemeka pale mtaani liliitwa mwoga. Kila baba alipolisikia neno hilo, mpaka alipofariki, aliinama kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.