Umepaka Mara Ngapi?

Asubuhi ile bado ninaikumbuka, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata miwani nimeiweka wapi. Nilikuwa msichana wa Kaaga, fundi wa rangi wa ile rola kosta ndogo, treni ya burudani iliyoletwa kila mwaka kwenye maonyesho ya kilimo, Meru kwanza, kisha Embu. Watu waliiita treni ya mayowe. Wanaume walinicheka wakiniona juu ya ngazi na brashi, nikawaacha wacheke.

Aliyeiendesha alikuwa Mzee Nyaga, mkulima wa majani ya chai kutoka Kibugu. Kila asubuhi, kabla mtu hajapanda, aliijaza magunia ya viazi vya Kibirichia, akaizungusha mara tatu akisikiliza reli.

"Viazi havina mama wa kuvililia," alikuwa akisema.

Mwaka huo treni ilikuwa imezeeka, inalia kila kona. Siku ya kufungua, nikipaka nguzo ya kona ya pili, niliona ufa mwembamba kama uzi pale palipochomelewa. Niliogopa. Lakini watoto wa shule walikuwa wameshajipanga langoni, na haki, niliipenda treni ile. Nilijua pia wakiiondoa, hakuna mwingine atakayempa msichana kazi ya rangi. Basi nikachovya brashi, nikapaka mara tatu. Ufa ukapotea.

Mzee Nyaga akaja, akapitisha kidole palepale.

"Kanana, hapa umepaka mara ngapi?"

"Mara moja tu, mzee."

Akashusha gunia moja kutoka behewa la mbele, akakaa mwenyewe mahali pake.

"Haya, washa."

Nikashika swichi. Mkono ukakataa kabisa.

"Ai, mzee, shuka! Shuka, nimekudanganya!"

Akashuka polepole. Hakunifokea, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Aliparura rangi kwa kisu, akapaka mafuta taa, akapangusa, kisha akasugua chaki juu yake. Mafuta yakarudi kutoka ndani ya ufa, yakachora mstari mweusi kwenye ile chaki, mrefu kuliko ule nilioona mimi.

"Chuma imechoka," akasema. "Hata mimi nimechoka. Kuchoka si aibu, Kanana. Aibu ni kuficha huku watoto wamepanga laini."

Akaenda langoni mwenyewe, akawaambia watoto warudi. Walilia sana. Treni ile haikuzunguka tena. Ilikatwakatwa, na Mzee Nyaga akarudi kwa shamba lake la chai. Behewa la mbele nililiomba mimi. Ndilo lile nyuma ya jikoni, kuku wanataga ndani.

Nakuambia haya kwa sababu ya simu yako ya jana. "Niko sawa, mama," ulisema mara tatu, na mimi nilikuwa sijauliza. Mwanangu, nilikuwa fundi wa rangi.

Ukichoka, sema umechoka, na useme mapema, kwa mtu anayekupenda. Kazi ikikushinda, iache wakati bado unaweza kushuka kwa miguu yako. Mimi naanza, nisikuonee: nimechoka. Magoti yamekwisha, viazi silimi tena. Njoo nyumbani tukae.

Mungu akupe mtu wa kukuuliza umepaka mara ngapi, na akupe ulimi wa kumjibu kweli.